Vidoti vinapogoma: kutatua matatizo ya haftoni kwenye picha za mtindo wa zamani

Fungua droo ya kabati la zamani, toa gazeti lililotandikwa chini, uitazame picha yake kwa kioo cha kukuzia. Hutaona kijivu hata chembe. Kuna wino mweusi na kuna karatasi, basi. Penye kivuli vidoti vimenenepa hadi vinagusana. Penye mwanga vimebaki vidogo kama mbegu za mchicha, na jicho likikaa mbali kidogo linavichanganya lenyewe na kupata uso wa mtu. Mashine ya kuchapa haiwezi kupaka wino nusu: inapaka au haipaki. Haftoni, yaani picha ya vidoti vya namna hii, ilibuniwa kuizunguka shida hiyo. Gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya namna hii tarehe 4 Machi 1880, na miaka miwili baadaye Georg Meisenbach wa Munich akapata hataza ya njia yake.

Shida ya matbaa imegeuka pambo. Tunaitaka kwenye bango la tamasha, kwenye fulana, kwenye jalada la wimbo. Kila programu ya picha ina filta ya kazi hii na kubofya ni sekunde moja. Kinachokula usiku ni kujua kwa nini matokeo hayafanani na lile gazeti la kwenye droo. Dalili zilizo hapa chini ni zile ninazoletewa mara nyingi, pamoja na chache nilizojiletea mwenyewe. Ninataja menyu za Photoshop. Photopea, inayofunguka bure kwenye kivinjari, inafanana nayo kwa kiasi kikubwa. Wa GIMP atafute Newsprint ndani ya Filters, upande wa Distorts.

Mtu akiniletea faili, kabla hajamaliza kulalamika namwambia abonyeze Ctrl na 1 ili picha ikae kwenye asilimia 100. Nusu ya malalamiko huishia hapo. Kisha namuuliza picha itakwenda wapi, na kwa upana gani. Kidoti kina ukubwa halisi, kinapimika kwa rula. Karibu kila kasoro ninayoieleza hapa imetokana na mtu aliyechagua kidoti kabla ya kujua ukubwa wa picha, au aliyebadilisha ukubwa baada ya kidoti kukaa.

"Naona mawimbi na miraba ambayo sikuiweka"

Kunja chandarua mara mbili, ukishike mbele ya dirisha. Tundu za tabaka moja zinapishana na za tabaka la pili, na ghafla unaona mabaka makubwa ambayo hayamo kwenye chandarua chenyewe. Sogeza tabaka moja kidogo tu, mabaka yanatembea. Hiyo ndiyo moare, na hutokea popote gridi mbili zinapokutana bila kupatana. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: gridi ya pili imetoka wapi?

Mara nyingi ni skrini yako. Ukitazama picha kwa asilimia 66.7 au 33.3, programu inaruka pikseli ili picha itoshe, na gridi ya vidoti inagongana na gridi ya pikseli. Rudi kwenye asilimia 100. Yakitoweka, hukuwa na tatizo, usiguse kitu.

Yasipotoweka, chunguza picha ya asili. Hapa niliwahi kuumbuka. Kikundi cha taarab kilitaka fulana 40 za kumbukumbu, na picha pekee waliyokuwa nayo ya mwimbaji wao wa zamani ilikuwa kipande cha gazeti. Nikaiskani, nikapiga filta, nikaitazama kwenye kilaptopu changu nikaridhika. Fundi wa skrini, yaani wa kuchapa fulana kwa fremu ya kitambaa, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, akaiinua dirishani filamu, ile plastiki angavu ya kuhamishia picha kwenye fremu.

"Mwanangu, huyu mama umemvalisha chandarua?"

Nilicheka, kisha nikatazama. Shavu zima lilikuwa na miraba yenye ukubwa wa ukucha, imejipanga kama vigae vya bafuni. Filta haikuwa na kosa. Kipande kile cha gazeti kilikuja na vidoti vyake tayari, nami nikavipandia vidoti vyangu juu. Mzee hakuniacha hivihivi. Alikata kipande cha filamu ile akakibandika ukutani juu ya meza yake ya kuangazia, na kipo mpaka leo.

Dawa ni kuviyeyusha vidoti vya asili kwanza. Skani kwa pikseli 600 kwa inchi, zima kila kinachonoa picha. Kama skana ina chaguo la Descreen, liwashe. Kama haina, tumia Gaussian Blur, ukipandisha radiusi taratibu huku ukitazama shavu na si macho, mpaka vidoti vinayeyuka. Ukifika hapo simama. Magazeti mengi yalichapwa kwa mistari ya vidoti 65 hadi 85 kwa inchi. Ukiskani mistari 85 kwa 600, kidoti kimoja na kinachofuata viko mbali kama pikseli 7, kwa hiyo radiusi ya 3 hivi huwa inatosha. Halafu punguza picha hadi nusu ya ukubwa wake, inoe kidogo kwa Unsharp Mask, ndipo uweke haftoni yako. Utaona imelainika kuliko ulivyotaka. Usijali, vidoti vipya vitaificha hali hiyo.

Gridi ya pili inaweza pia kuwa rangi zenyewe. Kwenye picha ya rangi nne kila wino una gridi yake, na kila gridi hulazwa kwa pembe yake: nyeusi nyuzi 45, majenta 75, sayani 15, njano 0. Tatu za mwanzo zimeachana kwa nyuzi 30, na umbali huo ndio unaoyafanya mawimbi yawe madogo mpaka jicho halioni. Njano hupewa nafasi iliyobaki, nyuzi 15 tu kutoka kwa jirani, kwa kuwa ni hafifu na mawimbi yake hayajitokezi. Wengi huziona namba za Photoshop kwenye filta ya Color Halftone, yaani 108, 162, 90 na 45, wakadhani zimeharibika. Hazijaharibika. Gridi ya mraba ukiizungusha nyuzi 90 inarudi kuwa ileile, kwa hiyo 108 ni sawa na 18, 162 ni sawa na 72, na 90 ni sawa na 0. Ziko jirani kabisa na zile za matbaa. Ziache, au andika za matbaa, lakini usiandike 45 mara nne kwenye picha ya rangi ukitarajia amani.

Pembe zikikaa sawa utaona vidoti vimejipanga kama vijiua vidogo. Hilo si kosa, ndivyo uchapaji wa rangi nne ulivyo. Nimeona watu wakihangaika saa nzima kuviondoa vijiua hivyo.

Chanzo cha mwisho cha mawimbi ni kitambaa cha fremu ya skrini, kwa wanaochapa fulana. Kile nacho ni chandarua. Kanuni ya mafundi ni kwamba nyuzi za kitambaa ziwe mara nne hadi tano ya mistari ya haftoni: kitambaa cha nyuzi 90 kwa sentimita, ambacho ni kama 230 kwa inchi, kinabeba mistari 45 vizuri. Na kama unachapa rangi moja tu, laza gridi kwa pembe ya nyuzi 22.5 badala ya 45. Inapishana na nyuzi za kitambaa bila kugombana nazo.

"Picha yangu ni nyeusi na nyeupe, mbona imetoka na rangi za peremende?"

Umeitoa rangi kwa macho tu, faili bado ni RGB, yaani ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Color Halftone inafanya kazi kwenye kila chaneli peke yake na kila moja kwa pembe yake, kwa hiyo kijivu kilichokuwa sawasawa kwenye chaneli tatu kinavunjika, na kila penye mpishano panachomoza rangi. Nenda Image, Mode, uchague Grayscale, kisha rudia filta. Sasa inasoma Channel 1 peke yake, andika 45. Kama kuna sababu ya kubaki kwenye RGB, andika 45 kwenye nafasi zote. Hapa, tofauti na pale juu, 45 mara nne ni halali.

"Sura imepotea, naona vidoti tu"

Hili ndilo linalowakera wateja zaidi, na ndilo linalotibika kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Tuseme unatengeneza bango, na uso wa mtu una upana wa inchi 4 kwenye karatasi. Walimu wa uchoraji husema uso una upana wa macho matano. Kwa hiyo jicho moja lina upana wa inchi 0.8. Ukichagua haftoni ya mistari 10 kwa inchi, jicho zima linajengwa kwa vidoti 8 kutoka kona hadi kona. Kwa vidoti 8 unapata kope, mboni na weupe, lakini kwa shida. Mtu wa kwao atamtambua, mgeni hatamtambua. Kwa mistari 20 unapata vidoti 16, na hapo hata mng'ao mdogo ndani ya mboni unaonekana huku vidoti bado vikionekana kwa macho. Kwa mistari 60 picha inapendeza, lakini mtazamaji wa umbali wa mkono hajui tena kwamba kuna vidoti, na mwonekano wa zamani umeondoka.

Kipimo changu kwa sura za watu ni vidoti 12 hadi 20 kwa upana wa jicho. Kwa mtu aliyesimama mzima, ambaye jicho lake halifiki hata milimita chache, usipoteze muda kulitafuta jicho: kata picha ukaribie uso, au ukubali awe umbo tu.

Hesabu hii ni rahisi kuitumia kwenye njia ya Bitmap, inayobakiza pikseli nyeusi na nyeupe tu, kwa kuwa pale unaandika mistari kwa inchi moja kwa moja. Grayscale kwanza, kisha Image, Mode, Bitmap, na kwenye orodha ya Method uchague Halftone Screen. Inakuuliza idadi ya mistari, pembe na umbo la kidoti. Color Halftone yenyewe haiulizi mistari. Inauliza radiusi kubwa kuliko zote kwa pikseli, kuanzia 4 hadi 127, kwa hiyo huko inabidi ujaribu na uhesabu vidoti kwenye jicho.

Kuna chanzo kingine cha sura kupotea ambacho hakihusiani na ukubwa. Ni picha ya asili kuwa bapa. Picha ya simu iliyopigwa kivulini ina kijivu cha katikati kila mahali, na haftoni ya kijivu cha katikati ni ubao wa drafti: weusi nusu, weupe nusu, paji la uso na pua havitofautiani. Fungua Levels, ubane mishale miwili ya pembeni mpaka mwanga uwe mwanga na kivuli kiwe kivuli. Ivuke kidogo hata kiwango ambacho kwenye picha ya kawaida ungeona umezidisha. Kwa ngozi zetu nyeusi hasa, inua toni za katikati kabla ya filta, kwa sababu filta ikikuta uso wote uko kwenye robo ya giza itavinenepesha vidoti mpaka shavu, nywele na koti viwe kitu kimoja. Wapigapicha wa studio za zamani walilijua hili. Waliweka taa ya pembeni ili upande mmoja wa uso ung'ae.

"Menyu imekuwa ya kijivu, haibonyezeki"

Filter Gallery, inayobeba filta nyingine ya haftoni iitwayo Halftone Pattern, haikubali faili za biti 16 wala za CMYK (za rangi nne za wino). Nenda Image, Mode, uchague 8 Bits/Channel, na RGB au Grayscale. Kama kilichozimika ni Bitmap, faili bado ina rangi. Pita Grayscale kwanza. Na kama kila kitu kimezimika, angalia kama tayari uko ndani ya Bitmap: humo hakuna filta wala leya, inabidi urudi Grayscale. Kwa sababu hiyo mimi hudurufu faili nzima kabla ya kuingia Bitmap.

"Nimepata duara kama jiwe lililotupwa kisimani"

Kwenye Halftone Pattern kuna chaguo la Pattern Type, na Circle pale haimaanishi vidoti vya duara. Inamaanisha duara moja ndani ya jingine kutoka katikati ya picha. Unachotaka kinaitwa Dot. Na kama vidoti vimetoka vya kijani au pinki bila wewe kuomba, filta hiyo inachukua rangi mbili zilizopo kwenye kisanduku cha zana. Bonyeza D zirudi nyeusi na nyeupe, kisha urudie.

"Kingo za vidoti zina ngazi" na ndugu yake "kingo zina ukungu"

Ni dalili mbili zinazopingana, kila moja na njia yake.

Ngazi hutoka kwenye Bitmap. Humo pikseli ni nyeusi au nyeupe, hakuna kati, kwa hiyo kidoti kilichojengwa kwa pikseli chache hakiwezi kuwa duara. Kinakuwa kama kilichofumwa kwa ukili. Dawa ni kuongeza Output, yaani pikseli kwa inchi, pale kwenye dirisha la Bitmap, hadi 600 au 1200. Faili ya biti moja ni nyepesi, usiogope namba.

Output ndogo ina madhara mengine yasiyoonekana haraka. Gawa Output kwa mistari, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza moja: hizo ndizo toni unazoweza kupata. Ukiwa na 300 na mistari 60 unapata 5 mara 5 ongeza 1, yaani toni 26. Anga la jioni litakatika vipande kama ngazi ya nyumba. Kwa 1200 na mistari ileile unapata 401. Anga linatulia.

Ukungu nao hutoka kwenye Halftone Pattern, na kwa kiasi kwenye Color Halftone, ambazo hulainisha kingo kwa pikseli za kijivu. Kwa picha ya kutazamwa kwenye simu, uache, unapendeza. Kwa filamu ya skrini ni balaa: printa ikikutana na kijivu inakigeuza kuwa vinukta vyake yenyewe, na ukingo wa kidoti unatoka na manyoya. Weka Threshold, inayogeuza kila pikseli kuwa nyeusi au nyeupe, juu ya kila kitu, kwenye 128, halafu uichape. Ukitaka zaidi, fanya haftoni kwenye picha iliyokuzwa mara mbili, weka Threshold, kisha uichape kwa nusu ya ukubwa.

"Kwenye skrini ni safi, kwenye karatasi ni masizi"

Wino hutanuka. Karatasi ya gazeti inaunywa kama mchanga unavyokunywa maji, na kidoti kilichopaswa kufunika asilimia 50 kinaweza kufunika 75 au zaidi kikishakauka. Vile vya asilimia 90 vinafungana kabisa. Wachapaji wa zamani walijua na waliiandaa picha iwe nyepesi kuliko walivyotaka itoke.

Fanya vivyo hivyo kabla ya filta. Kwenye Curves shusha katikati mpaka asilimia 50 ya weusi iwe 35 au 40. Kwenye Levels, chini kabisa penye Output, andika 25 na 242. Maana yake kivuli kizito kuliko vyote kitakuwa na weusi wa asilimia 90, kimeacha tundu ndogo ya kupumulia, na mwanga mkali utakuwa na kidoti cha asilimia 5. Kwa fulana hata hicho cha asilimia 5 mara nyingi hakishiki kwenye fremu, kinaoshwa na maji. Fundi akikwambia hivyo, acha weupe uwe weupe kabisa, yaani 255. Sikiliza fundi kuliko namba zangu, anaijua fremu yake.

"Nimeituma WhatsApp, vidoti vimeyeyuka"

Picha ikipita kama picha, inapunguzwa na kubanwa. Kupunguzwa kunaleta ile moare ya mwanzo, kubanwa kunaleta vumbi kuzunguka kila kidoti, kwa kuwa JPEG haipendi kingo kali. Itume kama hati, ikiwa PNG. Na kama mwisho wake ni mtandaoni, punguza picha kwanza hadi upana wa mwisho, kwa mfano pikseli 1080 kwa Instagram, ndipo uweke haftoni, na vidoti viachane kwa pikseli 8 au zaidi. Kuweka haftoni kwenye faili ya pikseli 6000 kisha kuipunguza hadi 1080 ni kuvipika vidoti viwe uji.

"Kila kitu kiko sawa, lakini haionekani ya zamani"

Malalamiko haya nayapenda, kwa sababu aliyeyaleta ameanza kutazama. Kompyuta inachapa bila kukosea, na picha za zamani zilikuwa na makosa ya aina fulani, si ya aina yoyote tu. Kurushia picha mikwaruzo na madoa ya chai hakusaidii. Tafuta kosa ambalo mashine ya wakati ule ingelifanya.

Kwanza amua ni uzamani upi. Wengi wakisema haftoni wanamaanisha vibonzo vya Marekani vya katikati ya karne iliyopita, vile ambavyo mchoraji Roy Lichtenstein alivikuza kwenye turubai miaka ya 1960. Vile vidoti ni vya ukoo mwingine. Vinaitwa Ben-Day, kwa jina la Benjamin Day mdogo aliyebuni njia hiyo mwaka 1879, na tabia yake ni kwamba ndani ya eneo moja vyote vina ukubwa sawa. Uso wa mtu ni vidoti vyekundu vilivyolingana kutoka kidevuni hadi kwenye nywele, hakuna kivuli. Ndiyo maana picha yako, ukiipiga Color Halftone, inafanana na gazeti na si na kibonzo. Kwa kibonzo, gawa picha kwenye maeneo bapa, na kila eneo ulijaze kijivu kimoja tu kabla ya filta. Wachapaji wale walikuwa na viwango vinne kwa kila wino wa rangi: bila wino, robo, nusu hivi, na wino kamili. Nne mara nne mara nne, rangi 64 basi. Ukijifunga kwenye viwango hivyo, rangi zako zinaanza kuongea lugha ile zenyewe.

Na mistari ya michoro haikupitishwa kwenye vidoti. Kalamu nyeusi ilichapwa nzima, kali, juu ya rangi. Weka mistari kwenye leya yake, ifiche unapopiga filta, kisha uirudishe juu kwa Multiply, hali ya leya inayoacha weusi na kupitisha kilicho chini ya weupe. Mtu akiniletea kibonzo ambacho hata mstari wa pua umetobolewa vidoti, najua hatua hii ameiruka.

Kama unataka gazeti au bango la rangi, badilisha faili kuwa CMYK kabla ya Color Halftone, ili vidoti viwe vya wino wa kweli na kuwe na sahani ya nyeusi. Halafu piga kosa lenyewe: rangi zisikutane sawasawa. Kwenye paneli ya Channels bofya majenta peke yake, bonyeza Ctrl na A, shika zana ya kusogeza, kisha gonga mshale wa kulia mara mbili au tatu. Sayani isogeze juu mara moja. Nyeusi usiiguse. Washa chaneli zote utazame ukingo wa kola ya shati: upande mmoja umechungulia uzi wa waridi, upande wa pili pamebaki uzi mweupe. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosogea kwenye mashine. Kata kingo za picha mwishoni, maana kusogeza huacha ukanda tupu pembeni. Na sogeza upande mmoja kwa picha nzima. Mashine haikusogeza kola kulia na mkono kushoto.

Kilichobaki ni weusi na weupe. Nyeusi ya kompyuta ni nyeusi mno. Wino wa gazeti uliokaa miaka ni kahawia iliyoiva sana au kijivu cha mkaa. Weka leya ya Levels na upandishe Output ya giza hadi 30 au 40, kisha uelekeze kidogo kwenye wekundu. Nyeupe nayo haipo. Skani ukurasa mtupu wa kitabu cha zamani, ule wa mwisho kabisa usio na maandishi, uweke chini ya kila kitu, na leya ya vidoti iwe Multiply juu yake. Ukurasa ule unakuja na umanjano wake, nyuzinyuzi zake, na wakati mwingine kivuli cha maandishi ya upande wa pili. Kivuli hicho usikifute. Ukiona rangi bado zinang'aa kama tangazo la soda, punguza wino wa njano kwanza, ndio unaopiga kelele kuliko wote.

Zile fulana 40, kwa wanaouliza, zilitoka baada ya siku mbili za ziada: picha imeskaniwa upya kwa 600, mistari 35, nyuzi 22.5, rangi moja ya kahawia juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa. Mzee alichapa moja zaidi akaivaa mwenyewe.